Nilimpa kaka figo, sasa presha inapanda: je, homoni zangu zimepungua?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu kuondolewa figo na kinachotokea kwa presha baada ya hapo. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linaisaidia nyingine. Nimekaa miaka mingi kwenye wodi ya figo na kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu, na maswali haya nayasikia zaidi kwenye benchi la kusubiria kuliko mbele ya daktari, ambako wengi hunyamaza.

SWALI: Shikamoo nesi. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro. Mwaka 2019 nilimtolea kaka yangu figo ya kushoto. Yeye mzima, anafanya kazi, ameoa. Mimi sikuwahi kuwa na presha. Mwaka jana duka la dawa walinipima wakapata 138/88, mwezi uliopita 142/90. Mama mkwe anasema nimejitakia, eti figo ndiyo inayotengeneza homoni za presha na sasa nimebaki na nusu. Nimesoma pia kuhusu vimeng'enya vinavyoitwa renini na ACE. Je, ni kweli vyangu vimepungua? Na nikitaka mtoto wa tatu, ni hatari? Nijibu wazi hata kama jibu ni baya.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukujitakia. Kaka yako yuko hai na anafanya kazi kwa sababu yako, na hilo lisemwe kwanza. Mama mkwe naye, kwa heshima yake, ameshika ukweli mmoja: figo ndiyo kiongozi wa presha mwilini. Alipokosea ni kwenye hesabu ya nusu, na ningependa ukae naye umsomee sehemu hii.

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio huletewa damu na mshipa mwembamba sana, na pale mshipa unapokiingia, kwenye ukuta wake, kuna seli zinazotunza renini. Seli hizo huiachia renini kwenye damu zikiona moja kati ya mambo matatu: msukumo wa damu inayofika umepungua, chumvi inayopita kwenye mfereji wa kichujio imekuwa kidogo, au mishipa ya fahamu imetoa amri, kama wakati mtu anapotokwa damu nyingi.

Renini peke yake haipandishi presha. Kazi yake ni kukata. Ini hutengeneza protini iitwayo anjiotensinojeni, ambayo huzunguka kwenye damu muda wote. Renini ikiikata hupatikana kipande kifupi chenye amino asidi 10 (amino asidi ni vijenzi vidogo vya protini), ambacho bado ni dhaifu. Kipande hicho kikipita kwenye mishipa ya damu, hasa ile ya mapafu, hukutana na kimeng'enya cha pili, hiyo ACE uliyoisoma, kinachokipunguzia amino asidi 2. Kinachobaki ni anjiotensini ya pili, na hapo ndipo nguvu ilipo. Inabana mishipa ya damu. Inaleta kiu. Inaziamuru tezi adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, zitoe homoni ya aldosteroni, na aldosteroni huifanya figo ibakize chumvi na kutoa potasiamu. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na presha hupanda.

Sasa angalia ulichotoa na ulichobaki nacho. Ini lako lipo. Mapafu yapo na ACE yake ipo. Tezi adrenali ya kushoto mpasuaji huiacha mahali pake anapochukua figo ya mchangiaji. Inayoweza kuondolewa pamoja na figo ni ya mgonjwa wa saratani, uvimbe ukiwa umeifikia, na hata kwake tezi ya upande wa pili hutosha. Kilichoondoka kwako ni seli za renini za figo moja tu. Na renini haitolewi kwa mgawo, kwamba kila figo ina kiasi chake cha siku. Hutolewa kwa mahitaji. Figo iliyobaki ikihisi upungufu inaongeza, na anjiotensini ya pili ikitosha, yenyewe huzizuia seli zile zisiendelee. Kwa hiyo huishi na nusu ya renini. Tena fikiria: kazi ya homoni hizi ni kuipandisha presha. Kama kweli zingepungua nusu, malalamiko yako yangekuwa presha ya kushuka.

Basi kwa nini inapanda? Tazama vichujio. Hivyo ndivyo vilivyopungua nusu, na havioti vipya. Vilivyobaki hupokea damu nyingi zaidi na hunenepa, ndiyo maana figo ya mchangiaji ikipimwa kwa ultrasaundi baada ya miezi inaonekana imekua. Kwa njia hiyo uchujaji wa mwili mzima, ambao ulishuka nusu siku ya upasuaji, hupanda hadi kama asilimia 60 hadi 70 ya ule wa zamani. Ni kiasi cha kutosha kuishi maisha kamili. Lakini ile akiba ya kuitoa chumvi nyingi kwa haraka imepungua. Wanyama wa maabara waliopunguziwa sehemu kubwa ya figo na kisha wakapewa chumvi kwa wingi, presha zao hupanda. Kwa binadamu, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, uliokusanya tafiti nyingi za wachangiaji, ulikuta kwamba miaka 5 hadi 10 baada ya kutoa figo presha huwa juu kwa kama milimita 5 (kipimo kile kile cha namba zako za 138 na 88) kuliko ambavyo ingepanda kwa umri pekee. Ulitoa mwaka 2019, kwa hiyo uko ndani ya kipindi hicho hicho.

Milimita 5 ni kidogo, na mtu hapaswi kulala macho kwa ajili yake. Ila kwa aliyekuwa tayari yuko karibu na mstari, inatosha kumvusha. Na hapa nakuuliza swali ambalo mama mkwe hakuuliza: figo za kaka yako ziliharibiwa na nini? Kama ni presha au kisukari, wewe na yeye ni damu moja, na huenda presha hii ingekufuata hata kama ungekuwa na figo zote mbili. Ongeza uzito uliopanda tangu watoto wawili, ongeza miaka. Mtu mwenye figo moja hupata presha kwa sababu zile zile za watu wengine, tofauti ni kwamba yeye ana sababu kubwa zaidi ya kuiwahi.

Umesema nikujibu wazi, basi hili nalo ulijue. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya wachangiaji 10,000, takriban 90 watafikia figo kushindwa kabisa katika maisha yao, wakati kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakuchangia ni 14. Ongezeko hilo ni la kweli. Pia bado ni chini ya mtu mmoja kati ya 100, na presha isiyotibiwa ni mojawapo ya njia za kufika huko ambazo tunaweza kuzifunga.

Ninachokutaka ufanye ni hiki. Vipimo viwili vya duka la dawa, umetoka juani, umesimama au unaongea na muuzaji, havitoshi kukuita mgonjwa. Azima au nunua mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili asubuhi kabla ya chai na mara mbili jioni, kwa siku 7, uandike kwenye daftari. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani wa zilizobaki ukiwa 135/85 au zaidi, hiyo ni presha na inahitaji tiba. Daftari hilo nenda nalo kliniki ya figo, wakupime kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huiondoa, na protini kwenye mkojo. Usishtuke karatasi ya maabara ikionyesha kreatinini iko juu ya kiwango. Viwango vile vimewekwa kwa watu wa figo mbili. Linganisha na majibu yako ya mwaka 2020 na 2021, kama umeyatunza. Namba iliyotulia mahali pamoja kwa miaka inatia moyo. Protini kwenye mkojo ndiyo inayonifanya nisimame.

Na hapa niseme linaloniuma. Aliyepokea figo ana kadi, ana tarehe, ana dawa za kuchukua, tunamjua kwa jina. Aliyetoa huruhusiwa kwenda nyumbani, hushukuriwa na ukoo mzima, kisha hupotea. Upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na kabla ya hapo familia nyingi zilisafiri hadi India. Maana yake wachangiaji wetu wengi sasa wanaingia kwenye miaka ile ile ya milimita 5. Kila mmoja anapaswa kupimwa presha, mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, maisha yake yote. Kama unamfahamu mwenzako aliyetoa, mpigie simu leo.

Upande wa chakula sitakupa orodha ndefu. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate, dagaa wa chumvi, ng'onda na vile vidonge vya kuongezea ladha kwenye supu. Kwa wengi nyumbani kwetu vidonge hivyo ndivyo adui, maana mtu anaviweka halafu anaongeza chumvi juu yake. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni achana nazo. Zinazuia kemikali zinazoiachia figo mshipa wake wazi, zinabakiza chumvi na zinapandisha presha. Kichwa kikiuma, parasetamoli.

Kuhusu mtoto wa tatu. Inawezekana, na wanawake wengi waliotoa figo wamejifungua salama. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015 ulikuta kwamba presha ya ujauzito au dalili za awali za kifafa cha mimba ziliwapata asilimia 11 ya wachangiaji, na asilimia 5 ya wanawake wasiochangia. Kwa hiyo usianze kliniki ya wajawazito mwezi wa sita. Nenda mapema kabisa, na neno lako la kwanza mlangoni liwe kwamba una figo moja. Tena, kabla hujashika mimba, mwambie daktari atakayekuandikia dawa ya presha kwamba unataka mtoto. Dawa zinazotufaa sana kwa figo ni zile zinazoukata mnyororo niliokueleza: kaptoprili na enalaprili huizuia ACE, losatani huizuia anjiotensini ya pili isishike. Lakini dawa hizo zinamdhuru mtoto tumboni. Kwa anayetafuta mimba zipo nyingine, kama metildopa na nifedipini.

SWALI: Asalaam aleikum mama. Niko Mombasa, nina miaka 29. Presha yangu ni 170/105 na natumia dawa tatu, moja ni ya kukojoza. Ultrasaundi imeonyesha figo ya kulia ina sentimita 12 na ya kushoto 6 tu. Kipimo cha dawa ya mionzi kinasema ya kushoto inafanya asilimia 7 ya kazi. Potasiamu ni 3.1. Daktari anashauri figo hiyo ndogo itolewe ili presha ishuke. Jirani yangu anasema ukitolewa figo ndipo unapopata presha. Nimsikilize nani?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Jirani anazungumzia figo nzima, daktari anazungumzia figo inayoumwa. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ilianza kuonekana zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1898 Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman, wakiwa Stockholm, walichapisha matokeo ya kusaga figo za sungura na kuwadunga sungura wengine maji yake. Presha za sungura hao zilipanda. Kitu kilichomo kwenye maji yale wakakiita renini. Wengi hawakuwajali hadi mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alipobana kwa kibanio mshipa unaoleta damu kwenye figo ya mbwa. Hakuuziba, aliubana tu. Mbwa akapata presha. Figo iliyobanwa ilipoondolewa, presha ikarudi chini.

Hicho ndicho ninachokiwaza nikisoma vipimo vyako. Figo iliyosinyaa, iwe kwa mshipa uliokuwa mwembamba au kwa makovu ya maambukizi ya utotoni, hupata damu kidogo. Yenyewe haijui kwamba mwili mzima una presha ya 170. Inajua msukumo unaofika kwake tu, na huo ni mdogo, kwa hiyo inatoa renini usiku na mchana. Figo nzima ya kulia inaiona presha ya kweli na inaacha kabisa kutoa ya kwake, lakini haina uwezo wa kumnyamazisha mwenzake. Anjiotensini inajaa, aldosteroni inajaa, potasiamu inapotea kwenye mkojo. Hiyo 3.1 yako inaweza kuwa alama ya hayo, ingawa dawa ya kukojoza nayo hushusha potasiamu, kwa hiyo peke yake haithibitishi.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote ni cha Boston. Tarehe 23 Desemba 1954 Dk. Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ya Ronald Herrick kwa pacha wake wa kufanana, Richard, na huo ndio upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Figo mpya ilifanya kazi. Lakini presha kali ya Richard haikutoka. Aliendelea nayo akiwa na figo mpya nzima ndani yake, mpaka figo zake mbili za zamani, zilizokuwa zimeshindwa kabisa kuchuja, zilipoondolewa. Ndipo ikashuka. Figo inaweza kuwa imeshindwa kusafisha damu na bado ikawa na nguvu zote za kupandisha presha. (Dada wa Morogoro naye asikie: Ronald, aliyetoa, aliishi na figo moja hadi mwaka 2010.)

Kwa hiyo pendekezo la daktari wako lina msingi, hasa kwa figo inayofanya asilimia 7. Kabla ya kusaini, muulize mambo machache. Mshipa wa figo hiyo umepigwa picha? Ungekuwa umebanwa kwenye figo ambayo bado inafanya kazi nzuri, kuutanua kwa puto kungetangulia kufikiriwa. Kwa figo ya sentimita 6 faida hiyo huwa haipo tena. Je, renini na aldosteroni zimepimwa? Aldosteroni ikiwa juu huku renini iko chini sana, tatizo linaweza kuwa kwenye tezi adrenali, na kuondoa figo hakutasaidia. Palipo na uwezo, huchukuliwa damu moja kwa moja kutoka mshipa wa kila figo kwa mrija unaopitishwa kwenye kinena. Upande mbovu ukiwa na renini mara 1.5 au zaidi ya upande mzima, matumaini ya presha kushuka huongezeka. Baadhi ya dawa za presha hubadilishwa kabla ya vipimo hivi, lakini afanye daktari, usijiachishe.

Na muulize hali ya ile ya kulia. Presha ya 170 imekuwa ikiipiga yenyewe kwa miaka, maana ile ya kushoto ilikingwa na mshipa wake mwembamba. Kama ya kulia ina protini kwenye mkojo, au mishipa ya mwili imeshakakamaa, presha itashuka kwa sehemu na utabaki na dawa moja au mbili. Wewe una miaka 29, na umri huo uko upande wako. Baada ya upasuaji presha huweza kushuka ndani ya siku au wiki chache, na kuna vijana wanaoendelea kunywa dawa zote tatu kwa mazoea hadi wanaanguka bafuni. Pima kila siku na umpelekee daktari namba, apunguze yeye. Akikuandikia dawa za jamii ya kaptoprili au losatani ukiwa na figo moja, ni sawa, ilimradi kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki moja au mbili.

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Arusha, anasafisha damu mara tatu kwa wiki. Alikuwa na figo zenye uvimbe mwingi wa maji, zikawa zinatoka damu na kupata maambukizi, hivyo zikaondolewa zote mbili. Zamani presha yake ilikuwa 190/110 hata akiwa kwenye mashine. Sasa inafika 85/50 anamaliza anaona kizunguzungu. Damu nayo imeshuka kuliko mwanzo. Tulidhani figo zile hazikuwa na kazi tena. Zimeondoa nini?

JIBU: Marahaba binti, na pole. Hazikuwa zinachuja, lakini zilikuwa bado zinatengeneza vitu, kama ulivyosoma kwa pacha wa Boston.

Cha kwanza ni renini. Kwa mtu asiye na figo hata moja, renini kwenye damu inakaribia kutoweka. Mashine ikivuta maji, mwili wa mtu mwingine ungetoa renini, mishipa ingebana, presha ingeshikilia. Baba hana tena mlinzi huyo. Presha yake sasa inafuata maji na chumvi karibu moja kwa moja: akija amebeba kilo nne itakuwa juu, zikivutwa haraka itaanguka. Ndiyo maana nawasihi mwombe mambo mawili kwenye kitengo. Uzito anaotakiwa kufikia baada ya mashine upangwe upya, kwa sababu ule wa kabla ya upasuaji haumfai tena; hata figo zile zenyewe zilikuwa na uzito wake, zenye uvimbe wa aina hiyo zinaweza kupita kilo moja kila moja. Na maji yavutwe polepole, ikibidi saa ziongezwe. Dawa za presha alizokuwa akinywa enzi za 190 zipitiwe zote na daktari wiki hii, moja moja, pamoja na saa ya kuzinywa siku ya mashine. Nyumbani, kazi kubwa ni kupunguza chumvi, maana chumvi ndiyo inayoleta kiu, na sasa hana mkojo hata tone wa kutoa anachokunywa.

Cha pili ni erithropoietini, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Sehemu kubwa hutoka kwenye figo, na figo za uvimbe wa maji mara nyingi huendelea kuitoa hata zikiwa zimeshindwa kuchuja. Wagonjwa hao huwa na damu nzuri kuliko wenzao kwenye mashine. Ini hutoa kidogo, hakitoshi. Kwa hiyo kushuka kwa damu ya baba kulitarajiwa, na tiba ni sindano ya homoni hiyo pamoja na madini ya chuma baada ya kupima akiba yake. Msikimbilie kuongezewa damu isipokuwa daktari ameona hatari, hasa kama mna ndoto ya kumpandikizia figo. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili wake kuikataa figo itakayokuja. Sindano nayo isifukuze damu ipande haraka mno, kwani huweza kurudisha presha juu. Pima hemoglobini, yaani kiwango cha damu, kila mwezi.

Cha tatu, figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ifanye kazi. Bila hizo mifupa huhitaji ile iliyokwisha kukamilishwa, kwa kipimo cha daktari. Na potasiamu: aldosteroni yake ipo, tezi zikiwa zimeachwa, lakini haina tena figo ya kuituma, kwa hiyo njia zilizobaki ni mashine na kidogo kupitia choo kikubwa. Asikae na choo kigumu siku tatu. Ndizi mbivu, parachichi, maji ya madafu na viazi visivyochemshwa na kumwagwa maji yake viwe vya nadra, na kikao cha mashine kisirukwe hata kimoja, hata kama siku hiyo anajisikia vizuri.

Akianza kizunguzungu kabla hajamaliza, asivumilie kwa kuona haya. Amwite nesi pale pale, alazwe miguu juu, maji yasitishwe kuvutwa. Wewe ukiwa naye, andika presha ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ya kila kikao kwa wiki mbili, na uzito wake akiingia na akitoka. Daktari akipewa karatasi hiyo atajua pa kuanzia.